Upinde Uliokuwa Mweupe

Somo: Mwanzo 9:12–17, Zaburi 139:11–12

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii naomba tukae na jambo lililonipata usiku mmoja wa Aprili, chini ya maporomoko ya maji katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, kule California. Tulikuwa tumepiga mahema bondeni kwa siku nne. Kamera niliibeba kwa ajili ya mama mmoja wa ushirika wetu ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Nilipokwenda kumuaga alinishika mkono akasema, "Mwanangu, niletee maji. Nataka kuyaona yakianguka."

Kwa maji, majira ya kuchipua ndiyo wakati wake pale. Theluji iliyolala milimani miezi yote ya baridi huanza kuyeyuka, kijito kilicho juu ya genge hufurika, na bonde zima hunguruma usiku na mchana. Kutoka ukingoni hadi chini ni mita 739, yakishuka kwa ngazi tatu. Anayefika Agosti mara nyingi hukuta mwamba mkavu tu. Wimbo Ulio Bora unasema, "Maua yatokea katika nchi," na ndivyo tulivyokuta: miti imeanza kutoa majani mabichi kabisa, na nyasi zinachungulia mahali ambapo theluji ilikuwa imelala majuzi tu.

Siku mbili za kwanza nilipiga picha nyingi, na nyingi hazikufaa. Jua likishapanda, maji yanang'aa kupita kiasi na katika picha hutoka kama shuka jeupe, hayana umbo. Nikajifunza kuamka kabla ya mwanga kugonga genge, vidole vimekufa ganzi, na kufuta lenzi kila mara kwa sababu ya manyunyu. Jioni tulifungia chakula chote kwenye makasha ya chuma kwa ajili ya dubu, pamoja na sabuni na dawa ya meno, maana dubu hufuata harufu yoyote. Kisha tulisoma Neno kidogo na kulala.

Usiku wa tatu ulikuwa wa mwezi mpevu.

Nilikuwa nimesikia kwamba katika majira haya, mbingu ikiwa safi na mwezi ukiwa mgongoni mwako, manyunyu ya poromoko la chini hutoa upinde. Ndiyo, upinde wa mvua, usiku, kwa nuru ya mwezi. Tulitembea hadi kwenye daraja lililo karibu na poromoko hilo tukakuta watu wengine wamesimama na kamera zao juu ya miguu mitatu. Kila mtu alikuwa amezima tochi, hakuna aliyesema kwa sauti. Nikasimamisha kamera yangu, nikangoja. Mwezi ulipofika mahali pake, watu wakaanza kunong'ona, "Ule pale."

Nikautazama. Ulikuwa mweupe.

Sitaficha kwamba moyo wangu ulishuka. Niliona tao hafifu lenye rangi ya majivu, kama mstari wa chaki uliofutwa nusu. Nikajiuliza kama nilikuwa nimetembea gizani na baridi ile yote kwa ajili ya huo tu. Lakini nilikuwa nimeahidi picha, kwa hiyo nikaiacha kamera wazi kwa sekunde 15, nikazihesabu polepole moyoni huku maji yakinilowesha kichwa. Kioo cha kamera kikawaka. Nyekundu ilikuwepo. Njano, kijani, buluu, zambarau, zote zimepangana katika tao lile lile ambalo macho yangu yalikuwa yameniapia kuwa ni jeupe.

Nikainua kichwa nikatazama tena. Jeupe. Nikatazama kioo. Rangi zote.

Kamera haikuzitengeneza rangi zile. Katika jicho la mwanadamu kuna seli za aina mbili za kuonea. Zile zinazotambua rangi huhitaji nuru ya kutosha. Nuru ikipungua sana huachia kazi zile nyingine, ambazo huona gizani lakini haziwezi kutofautisha nyekundu na buluu. Nuru ya mwezi mpevu ni hafifu kuliko ya jua kwa karibu mara laki nne. Kwa hiyo rangi zilikuwa zikinifikia muda wote, zikiingia machoni mwangu, nami sikuwa na uwezo wa kuzipokea. Kamera yenyewe ilifungua mlango ikakaa. Kila chembe ya nuru iliyoingia iliwekwa juu ya ile iliyotangulia, hadi zikatosha kuonekana.

Pale darajani lilinijia neno la Yakobo alipoamka usingizini: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Yeye naye alikuwa safarini, amelala nje, jiwe likiwa mto wake. Mahali palikuwa pale pale tangu alipolala. Hakuna kilicholetwa alfajiri ambacho hakikuwepo jioni.

Na kuna kitu katika Mwanzo 9 ambacho nilikuwa nimekisoma tangu utoto bila kukiona. Sisi hudhani upinde uliwekwa ili sisi tuutazame na kufarijika. Faraja ipo, lakini rudini mkasome mstari wa 16 taratibu. Mungu anasema kwamba upinde utakapokuwa winguni, yeye mwenyewe ndiye atakayeuangalia na kulikumbuka agano lake na kila kiumbe chenye uhai. Anayeutazama ni yeye! Agano halitegemei ubora wa macho yangu. Usiku ule mimi niliona majivu, naye aliyesema hivyo, ambaye kwake "giza na mwanga ni sawasawa" kama inavyosema Zaburi 139, aliuona upinde wake mzima, hakuna rangi iliyokosekana.

Najua kati yetu wapo walio katika msimu kama huo sasa. Mtu anaomba na haoni kitu. Anafungua Biblia na maneno yako meupe kama chaki. Simwambii ndugu wa namna hiyo kwamba imani yake ni haba, na inaniuma tunapowaambia watu hivyo. Upungufu wa nuru si dhambi ya jicho. Ninachoweza kumwambia ni hizo sekunde 15. Sisi tumezoea kumtazama Mungu kwa kupepesa: sala ya haraka, mstari mmoja, twende. Zaburi ya 27 inarudia amri ile ile mara mbili katika mstari mmoja, "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje BWANA," na nadhani imerudiwa kwa sababu mara ya kwanza huwa hatukai.

Wapo wanaosema kamera humwibia mtu ibada, na nawaelewa. Nimewahi kurudi safarini na picha mia tano na nisikumbuke hata harufu ya mahali. Lakini bonde lile lenyewe lina historia nyingine. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia humo na nyumbu waliobeba kamera kubwa na vioo vya picha vyenye upana wa karibu nusu mita. Picha zake zilifika mbali, kwa watu ambao wasingeliona bonde lile, na zilisaidia kuwashawishi walitunze. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi, naye hakuwahi kulikanyaga. Picha inaweza kuwa ushuhuda, basi, ikibebwa kwa ajili ya asiyeweza kwenda.

Niliporudi nilikwenda kwa yule mama. Nilimwonyesha maji ya mchana kwanza, akatabasamu, akaomba tuyarudie. Kisha nikamwonyesha upinde. Aliushika ule mchoro wa nuru karibu na uso wake kwa muda mrefu.

"Uliuona hivi?"

"Hapana, mama. Mimi niliuona mweupe."

"Mweupe kabisa?"

"Mweupe kabisa. Rangi zimeonekana kwenye picha."

"Lakini zilikuwepo ulipokuwa umesimama pale."

"Zilikuwepo, mama."

Akanyamaza. Akageuza uso kuelekea ukutani, nikadhani amechoka, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Kumbe alikuwa akitafuta miwani yake. Aliivaa, akaniambia nikae, nimsomee Zaburi ya 27 kuanzia mstari wa kwanza, na nisiharakishe.