Ninavyoipasha moto Cessna kabla ya kuruka, baridi ya Minnesota

Januari hapa Minnesota, nyuzi 20 chini ya sifuri ni hali ya kawaida. Ninarusha ndege ndogo ya Cessna 172 yenye injini ya Lycoming, na banda inapolala ni la mabati matupu. Lycoming wenyewe wanataka injini zao nyingi zipashwe moto kwanza baridi ikifika nyuzi 12 chini ya sifuri. Mimi huanza mapema zaidi, hata kukiwa na baridi ya kugandisha maji tu.

Wengi hudhani shida ni oili kuwa nzito. Ni kweli, inakawia kufika inakotakiwa. Lakini ninachokiogopa zaidi kimo kwenye madini yenyewe: bodi ya injini ni ya aluminiamu, krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani yake) ni ya chuma, na aluminiamu husinyaa zaidi kwenye baridi. Nafasi ya beringi zinazoishika krenki hubana wakati uleule oili imekataa kupita. Ndiyo maana kupasha sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, kwa nusu saa hakunitoshi. Nataka injini nzima iive.

Jioni ya kuamkia safari nachomeka hita ya umeme iliyobandikwa chini ya sampu, naziba matundu ya hewa ya mbele kwa sponji, kisha naifunika injini blanketi nene. Propela nayo naivisha soksi zake, kwa sababu ni pande la aluminiamu lililounganishwa moja kwa moja na krenki, na likiachwa wazi hunyonya joto usiku kucha. Asubuhi sitazami kijiti cha oili kwanza. Nashika kitovu cha propela. Kikiwa vuguvugu, najua joto limefika ndani.

Ndani ya ndege joto letu hutoka kwenye koti linalozunguka bomba la moshi. Bomba likipasuka, kaboni monoksidi, gesi ya sumu, huingia kwa abiria bila harufu. Kwa hiyo kipimo chake chenye kengele kiko mbele yangu daima, na nawasihi marubani wenzangu wanunue. Bei yake ni ndogo mno.

Sponji na blanketi zikishatoka, na theluji yote ikishafutwa mabawani, nawasha. Macho hayabanduki kwenye geji ya presha ya oili. Kiangazi naipa sekunde 30 ianze kupanda, kwenye baridi kali dakika moja. Isipopanda, nazima.