Huyu ni sato

Mama mdogo aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akasema, "Baba, umefanya kazi nzuri. Lakini huyu ni sato."

Nikatazama tena. Kweli, tumbo lile, mgongo ule ulioinuka, mkia mpana: sato mtupu. Na mama mdogo anauza dagaa. Yuko Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na sasa alikuwa ameanza kuwakaanga, kuwafunga kwenye pakiti za nusu kilo na kutafuta wateja wasiofika sokoni. Alitaka nembo na alitaka tovuti. Pesa aliyonipa ilitosha bando na soda, kwa hiyo tuseme alinipa heshima.

Sato yule nilimtoa kwenye programu ya mtandaoni yenye violezo. Unachagua samaki, unaandika jina, unabadili rangi, dakika 20 umemaliza. Sizibezi programu hizi. Kadi ya mchango wa harusi au tangazo la kuweka status ya WhatsApp bado natengenezea huko. Shida ni kwamba samaki niliyemchagua mimi anaweza kuchaguliwa na yeyote. Wiki mbili baadaye nilipishana na guta limebeba mifuko ya mfanyabiashara mwingine kabisa, na sato wangu yuko juu ya kila mfuko. Tofauti ilikuwa moja: wa kwetu alitazama kulia, wao kushoto.

Nikarudi kusoma masharti, ambayo sikuwa nimeyasoma (nani huyasoma?). Mchoro wa kiolezo unaruhusiwa kuutumia, ila huruhusiwi kuusajili uwe alama yako ya biashara. Na mama mdogo alikuwa na mpango wa kwenda BRELA, kwa wasajili wa biashara, kuisajili. Alama ikisajiliwa Tanzania Bara inalindwa miaka 7, ukiihuisha unapata 10 mingine. Zanzibar usajili wake ni mwingine kabisa. Kwenye makundi ya bidhaa ya usajili huo, samaki waliokaushwa au kutayarishwa wako kundi la 29. Gharama zote hizo angezibeba kwa ajili ya sato wa watu.

Pigo la pili lilitoka kwa mchapaji. Nilimpelekea nembo kwenye flashi, faili la picha aina ya PNG. Akaifungua ndani ya CorelDRAW, programu ya kuchorea, kama wachapaji wengi wa mabango ninaowafahamu, akaivuta ifike mita 3, akanigeuzia kioo. Kingo za samaki zilikuwa ngazi ngazi. "Kaka, hii ni picha. Unayo vekta?" Nikasema ninayo, iko nyumbani. Uongo. Nilikuwa hata sijui vizuri vekta ni kitu gani.

Sasa najua. Picha ya kawaida ni vinukta vilivyohesabiwa. Ukiivuta vinukta haviongezeki, vinanenepa tu. Vekta ni maelekezo ya mstari: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Uitake ya kubandika kwenye pakiti au ya kujaza ukuta, kompyuta inaukokotoa mstari upya na kingo zinabaki kali.

Nikaenda kuomba kwa rafiki. Alinipa flashi yenye programu kubwa ya kulipia, imekrekiwa, pamoja na maelekezo kwenye kikaratasi: zima antivairasi kwanza. Hapo tu ningeshtuka. Ilifanya kazi miezi minne, siku moja ikagoma kufunguka, na kompyuta ikaanza kupandikiza mafaili ya ajabu kwenye kila flashi niliyochomeka, ikiwemo ya mchapaji. Alinisamehe, lakini kwa wiki kadhaa aliipokea flashi yangu kwa ncha za vidole. Kulipia halali nilikufikiria pia. Mwaka 2013 Adobe, wenye programu maarufu za usanifu, walihamia kwenye malipo ya mwezi au ya mwaka, na kwa mtu anayechora nembo nne kwa mwaka hesabu ilinikataa: unalipa hata mwezi ambao hujagusa kitu, na ukiacha kulipa, kazi zako za zamani zinabaki kama nguo zilizokwama kwa fundi.

Ndipo nilipoacha kuuliza watu "programu ipi nzuri?" Kila mtu hukutajia ile anayoijua yeye. Nikaanzia kwenye mikono itakayopokea faili. Nembo ya mama mdogo ingepita kwa mwenye mashine ya kukata stika, kwa mchapaji wa mabango, kwa mtu wa fulana, halafu kwenye simu za wateja. Nikawazungukia wale watatu wa kwanza na daftari: unapokea faili gani, na kipi hukukera? Wote walipokea PDF, wawili walitaja SVG, aina ya faili la vekta. Yule wa mashine ya kukata akaniambia jambo ambalo hakuna video iliyowahi kunieleza: "Usiniletee mstari wenye nodi nyingi. Kisu kinasitasita kwenye kila nodi, stika inatoka na meno." Nodi ni vile vituo ambavyo mstari wa vekta hupitia.

Kwa majibu hayo Inkscape ilijichagua yenyewe. Ni programu ya kuchora vekta, ya bure na ya chanzo huria, ipo tangu 2003, toleo lake la 1.0 lilitoka 2020, na faili lake la asili ndilo hiyo SVG. Kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 4 inachukua muda wa kubandika chai hadi ifunguke, lakini ikishafunguka inakwenda.

Nilimwomba mama mdogo dagaa mmoja mkavu aliyenyooka. Alipekua kiganja kizima akinitafutia. Wengi hukauka wamejikunja. Nikamlaza kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikampiga picha kwa simu. Inkscape ina kifaa cha kugeuza picha kuwa vekta, nikakijaribu. Sekunde mbili dagaa akatokea, ana nodi zaidi ya 300, kila kikunyanzi cha karatasi kimehesabiwa kuwa nyama ya samaki. Nikakumbuka kile kisu. Nikafuta, nikashika kalamu ya Bezier, kifaa cha kuchora mistari inayopinda, nikapita juu ya picha mwenyewe: nodi moja mdomoni, moja pale mgongo unapoanza kushuka, nyingine kwenye ncha za mkia. Nodi inawekwa pale mstari unapobadili mwelekeo; mimi mwanzoni nilikuwa naiweka pale mkono unapochoka. Ilinichukua jioni tatu. Nilimaliza na nodi 14, jicho likiwa duara peke yake.

Akiwa peke yake kwenye stika ya sentimita 4, dagaa yule alifanana na mwiba. Suluhisho alilitoa mama mdogo bila kujua, akigombezana na mteja aliyetaka kuonja mmoja mmoja: "Dagaa hauzwi mmoja, dagaa ni fungu!" Nikaweka watatu, wamepishana kidogo, kama wanavyolala kichanjani. Nikapunguza mchoro hadi upana wa ukucha, nikamwita mtoto wa jirani. Nini hiki? "Dagaa." Tukasonga mbele.

Stika za kwanza ziliharibika mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu. Kwanza fonti. Kompyuta ya mchapaji haikuwa nayo ile niliyoitumia, ikaweka ya kwake, na jina la biashara likatoka limevaa herufi za tangazo la msiba. Siku hizi kabla ya kutoa PDF nachagua maandishi yote nayageuza kuwa mchoro, kwa Inkscape ni Ctrl+Shift+C, na nabaki na nakala nyingine ambayo maandishi yake hayajaguswa, maana ukishageuza huwezi tena kusahihisha hata herufi moja kwa kuichapa.

Mara ya pili ni bluu. Kwenye kioo ilikuwa bluu ya ziwa saa mbili asubuhi; kwenye stika 200 ikatoka zambarau. Mama mdogo aliziita stika za kwaya. Sababu yake nilielezwa na mchapaji akiwa ameshika wembe mkononi, anabandua moja kuniletea karibu: kioo kinachanganya mwanga, mwekundu, wa kijani na wa bluu, mashine inachanganya wino, samawati, magenta, njano na mweusi, ndiyo CMYK. Bluu kali ya mwanga haina mwenzake kwenye wino. Ikitafsiriwa, magenta hupanda hadi kuikaribia samawati, na mchanganyiko huo ndio zambarau yenyewe. Inkscape hufanya kazi kwa rangi za mwanga, kwa hiyo mchoro ukikamilika naupitisha kwenye Scribus, nayo ya bure, ambako viwango vya wino naviandika mwenyewe: samawati 100, magenta 60. Ukiiacha magenta chini ya samawati kwa 30 au zaidi, bluu hubaki bluu. Na sikuchapisha tena stika 200 kabla ya kutoa kipande kidogo cha kujaribu na kukipeleka nje juani.

GIMP, programu nyingine ya bure, ninayo, lakini ni ya picha. Nembo siichorei humo. Affinity, programu ya usanifu ambayo kampuni ya Canva waliinunua 2024, imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa 2025, na rangi za wino inazijua yenyewe bila kuhitaji kupita kwingine. Ningekuwa naanza leo ningeijaribu mapema. Mkono wangu umeshazoea kwingine.

Tovuti ilinipa swali la aina nyingine. Bei ya dagaa inafuata mwezi, ule wa angani. Wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, bei inapanda. Kwa hiyo kila mwezi bei kwenye tovuti lazima ibadilike, mara nyingine zaidi ya mara moja, na anayejua bei ya leo ni mama mdogo, siyo mimi.

Nilianza kwa kuandika kurasa za HTML kwa mkono. Zilikuwa nyepesi ajabu, na kila bei ikibadilika nilipigiwa simu. Nikahamia huduma moja ya kujenga tovuti kwa kuburuta vitu, ikapendeza, hadi nilipogundua kwamba siku tukiacha kulipia hakuna cha kuhamisha. Unaondoka na picha zako tu. Nikaishia kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ya chanzo huria, ambayo unaweza kuifungasha yote na kuihamishia kwenye seva nyingine.

Humo nako nilijiharibia. Nilipachika programu-jalizi ya kupamba kurasa, nikaweka picha kubwa zinazoteleza zenyewe, vivuli, fonti nne. Kwangu kwenye Wi-Fi ilikuwa harusi. Nikaenda Mwaloni kumwonyesha mama mdogo kwenye simu yake na bando lake. Kioo kikabaki cheupe. Akamhudumia mteja. Kikabaki cheupe. Akamhudumia wa pili, akamrudishia chenji, ndipo kichwa cha dagaa wa kwanza kikaanza kuchungulia. Ukurasa ulikuwa na MB 7. Usiku huo niling'oa mapambo yote, nikabaki na mandhari (mwonekano wa kurasa) ya kawaida inayokuja na WordPress, nikapunguza kila picha hadi upana wa pikseli 1200 na kuigeuza WebP, aina ya faili jepesi la picha, kwa Squoosh, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ukashuka chini ya KB 700. Nikaweka kitufe cha WhatsApp kinachofuata kidole, kwa sababu wanunuzi wake, wakiwemo wa kutoka Kongo, hawajazi fomu, wanataka kuongea.

Anwani ya .co.tz niliisajili kwa jina lake, barua pepe yake na namba yake. Nimeshamwona mteja mmoja ambaye fundi wake wa awali alijiandikisha mwenyewe kuwa mmiliki, kisha akahama mji na kubadili laini.

Kumfundisha kubadili bei kulichukua Jumapili mbili. Nilimfungulia akaunti isiyoweza kugusa chochote zaidi ya kuhariri kurasa, nikampangia bei kwenye jedwali la mistari mitano, nikamwandikia hatua kwenye kadi akaibandika nyuma ya mizani.

Mbalamwezi ya kwanza alinipigia saa tatu usiku. "Baba, shikilia hapo hapo. Watu wananipigia hawaishi, wanasema bei yangu nzuri mno."

Nikafungua tovuti. Pakiti ya nusu kilo: shilingi 700.

"Mama, sifuri moja imepotea. Subiri niingie niirekebishe."

"Usiguse. Nimeshaingia."

Nikamsikia anahema, anasoma kadi kwa sauti ya chini, hatua ya tatu, hatua ya nne. Nikaufungua ukurasa upya: 7,000. Nikamuuliza waliokwisha kuagiza itakuwaje. Wawili wa mwanzo, akasema, atawapa kwa 700. "Walikuwa wameshaiona."