Jumba la Mji wa Kale lilivyonusurika: faili, nyufa na mifereji ya paa

Tangu jumba la kale la mtaani kwetu linusurike kubomolewa na mwekezaji, napigiwa simu na watu wa Lamu, Malindi na hata Unguja wakitaka kujua tulifanyaje. Wengi wao wameshapewa ushauri uleule niliopewa mimi: iteni waandishi, fungeni njia, pigeni kelele mpaka mwekezaji aone haya. Ushauri huo ni mbovu. Watu walikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilikuwa miongoni mwao, lakini hasira ya barazani haina muhuri wa kupokelewa wala namba ya kiwanja, na ofisi yoyote inayoweza kusimamisha tingatinga inataka hivyo viwili kwanza.

Jumba lenyewe liko Mji wa Kale, Mombasa. Ni la ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake unapita nusu mita. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: boriti haivuki salama zaidi ya mita mbili na nusu, ikizidi sana karibu tatu. Mbele kuna mlango wa nakshi na roshani ya mbao inayotokeza juu ya njia. Mchoro wa mwekezaji ulibakisha ukuta wa mbele peke yake. Yote ya nyuma yavunjwe, chini kuchimbwe maegesho ya magari, juu zipande ghorofa saba.

Uchimbaji ndio ulionitisha zaidi. Nyumba hizi hazina misingi ya kwenda chini sana, na nyingi zinatumia ukuta mmoja baina ya majirani wawili. Ukichimba mita tatu chini ya moja, za kando zimekosa pa kuegemea. Hoja hii ndiyo iliyobeba kesi yetu kuliko hoja ya uzuri wa jumba. Afisa anaweza kukwambia uzuri ni maoni ya mtu. Hawezi kukwambia hivyo kuhusu chumba wanamolala watoto upande wa pili wa ukuta.

Anzeni na sachi ya kiwanja, yaani kuomba ofisi ya ardhi iwaangalizie daftari lake. Gharama ni ndogo, na inawaonyesha jina lililoandikwa kwenye hati, siyo jina linalotajwa mtaani. Kwetu hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu, warithi wametawanyika Mombasa, Muscat na Uingereza, na aliyetia sahihi ya mauzo alikuwa mmoja tu. Mrithi ambaye hakuuza ana haki ya kuweka zuio kwenye daftari la ardhi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Jirani hana haki hiyo, kwa sababu zuio ni la mtu mwenye maslahi katika ardhi yenyewe. Nimeona mitaa ikipoteza muda mwingi kwa kulazimisha jambo hili. Shangazi mmoja wa ukoo aliye Muscat alikula kiapo kwa maandishi, nakala ikaja, na uuzaji ukakwama hapo. Kama nyumba yenu ni wakfu, nendeni kwa Tume ya Wakfu kabla ya kwenda kwingine kokote, maana mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi.

Sasa ile orodha ya sahihi. Vijana waliikusanya Ijumaa nje ya msikiti, rundo la karatasi lenye mamia ya majina, na kila mtu mtaani akaamini kazi imekwisha. Ofisi iliyolipokea ililirudisha. Dai letu lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza tu. Kurasa nyingine zote zilikuwa majina matupu, na yeyote angeweza kusema watu wale walisaini harusi au mchango wa maziko. Hakukuwa na namba za vitambulisho. Wengine walikuwa wageni waliokuja kusali tu. Ilibidi zianzwe upya: kila ukurasa una kichwa cha habari, namba ya kiwanja na sentensi ya dai, kisha jina, namba ya kitambulisho, mahali mtu anapokaa kutoka lilipo jumba, na sahihi. Majina yakapungua sana, uzito ukaongezeka. Juu ya orodha tuliweka barua za majirani wanaogusana ukuta na jumba, kila mmoja kaandika kwa mkono wake chumba gani kiko upande wa pili na kinatumiwa na nani. Barua hizo zilisomwa. Mamia ya majina ya mwanzo hakuna aliyeyatazama.

Muda ndio unaoua kesi nyingi. Ripoti ya athari kwa mazingira ikitangazwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mna siku 30 za kupeleka maoni, na maoni ya mdomo pekee hayawasaidii baadaye. Kaunti ikitoa kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, mtu aliyeguswa ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango na matumizi ya ardhi. Siku 14 zinapita mkiwa bado mnatafuta wakili, kwa hiyo rufaa iandikwe kabla kibali hakijatoka, ibaki nafasi ya tarehe tu. Leseni ya NEMA nayo ina rufaa ya siku 60 mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, NET. Na hapa wengi bado wanategemea sheria ya zamani. Zamani kukata rufaa NET kulisimamisha kazi papo hapo. Mabadiliko yaliyopitishwa mwishoni mwa 2018 yaliondoa hilo. Siku hizi lazima uombe amri ya kusimamisha kazi pamoja na rufaa. Usipoomba, rufaa yako itasikilizwa huku jumba likiwa kifusi.

Msibabaishwe na anayewauliza “wewe inakuhusu nini?” Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Nakala za michoro na ripoti ziombwe kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wekeni nakala yenye muhuri. Pia andikeni nani aliitwa kwenye mkutano wa wananchi, nani hakuitwa, na tangazo lilibandikwa wapi. NET ilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu tarehe 26 Juni 2019, kasoro kubwa iliyotajwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kumbukumbu za mikutano ni ushahidi kamili.

Pamoja na hayo yote, karatasi iliyotutisha kweli ilikuwa ripoti ya mhandisi wa mwekezaji iliyosema jengo linasogea na ni hatari kwa umma. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili kufa, hakuna afisa anayetaka jina lake kwenye faili la nyumba iliyoitwa hatari. Neno hilo likishaingia, kubomoa kunaonekana ni kuokoa roho za watu. Ripoti ilikuwa na picha nzuri za nyufa, zote za siku moja, bila rula kando. Picha ya siku moja inaonyesha ufa upo. Haionyeshi kama ufa unatembea, na jumba la umri ule kukosa ufa ndilo lingekuwa ajabu.

Kwa hiyo tuliamua kuzipima nyufa wenyewe, kwa ruhusa ya maandishi ya warithi. Vifaa ni mfuko mdogo wa jipsamu, unga mweupe wa plasta, ambao bei yake haifiki kilo ya pweza, brashi, msumari, na kalipa (rula ya taya mbili) ya kusoma sehemu ya kumi ya milimita. Unabandua plasta pande zote mbili za ufa mpaka jiwe lionekane. Ukibandika juu ya plasta iliyovimba utakuwa unapima plasta. Unafuta vumbi, unalowesha jiwe, unakoroga jipsamu iwe nzito kama uji wa mgonjwa anayeanza kupona, kisha unabandika kiraka cha urefu wa sentimita 10 na upana wa 5 kikivuka ufa. Unene usizidi sentimita moja, maana kiraka kinene hubandukia pembeni badala ya kupasuka katikati. Kabla hakijashika, chora namba na tarehe kwa ncha ya msumari.

Mafundi wengine walisema tutumie saruji kwa sababu ni imara. Hilo ndilo tatizo lake: saruji husinyaa inapokauka, inapasuka yenyewe, na utadhani ukuta umetembea. Chokaa nayo ni laini, hufuata mwendo mdogo bila kusema kitu. Jipsamu haisinyai, ni kavu na dhaifu, ukuta ukisogea unywele mmoja inakatika. Mahali penye unyevu italainika, hapo tulitumia vipande vya kioo chembamba cha fremu ya picha, vimegundishwa kwa gundi ya epoksi pande mbili. Kando ya kila kiraka tulitia skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, moja kila upande wa ufa, na umbali baina ya vichwa vyake ukasomwa kwa kalipa. Kusoma ni asubuhi, saa ileile, kabla jua halijapiga ukuta, kwa kuwa joto linautanua ukuta na vipimo vya mchana haviwezi kulinganishwa na vya alfajiri. Kila picha ilipigwa na rula pamoja na gazeti la siku hiyo, na jirani mmoja, baharia mstaafu mwenye mwandiko mzuri, akatia sahihi kwenye daftari.

Tulianza kaskazi, tukapita masika yote. Viraka vilibaki vizima jumba zima, isipokuwa viwili vya kona moja ya nyuma, juu. Napenda kulisema hili kwa sababu ndilo lililogeuza faili: viwili vile vilivyopasuka vilitusaidia kuliko vyote vilivyobaki vizima. Vilikuwa chini kabisa ya mfereji wa paa ulioziba. Ufa wake ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, yaani ukuta unaegemea nje, siyo msingi unaozama. Msingi ukizama upande mmoja ufa mara nyingi huja wa mshazari kutoka kona za milango na madirisha. Ndani ya kona hiyo ncha za boriti zilikuwa zimeoza, kwa hiyo sakafu haikuwa inaushika ukuta tena. Faili halikusema tena “jengo linasogea.” Lilisema kona moja inavuja na boriti zake zinahitaji kubadilishwa. Mhandisi aliyesajiliwa alikuja, akapima upya baadhi ya viraka, akaandika barua. Msiruke hatua hiyo, vipimo vya raia bila sahihi ya mhandisi vinasomwa kama malalamiko.

Boriti hukaguliwa kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, maana katikati huonekana nzima hata kama ncha imekwisha. Gonga kwa nyundo ndogo: nzima hulia kwa ukali, iliyooza hulia butu. Kisha sukuma bisibisi. Ikizama kwa nguvu ya kidole, hapo hapana boriti.

Fundi mzee wa mtaa alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, nyumba hizi haziuawi na uzee, zauawa na maji.” Tulizibua mifereji, tukafunika kona kwa turubai, tukaweka mihimili ya muda. Mwenye nia ya kubomoa hana haja ya kibali akiachiwa misimu kadhaa ya mvua.

Na tafadhali, asiwadanganye mtu kupiga plasta ya saruji ili jumba “lionekane zima” wakaguzi wakija. Matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu kutoka chini, yanahitaji kupumua. Saruji inaufungia unyevu ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na plasta inabanduka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Tumieni chokaa iliyozimwa na kulazwa wiki kadhaa shimoni, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa pwani, tabaka jembamba la kama sentimita moja kwa wakati, likifunikwa magunia ya maji kwa siku kadhaa. Likikauka haraka linageuka unga.

Mwekezaji aliondoa mchoro wa kwanza kabla rufaa haijasikilizwa. Ameleta mwingine unaobakisha kuta zote, bila uchimbaji na bila ghorofa za kuongeza. Tunaukagua vilevile, nasi tumekwishaandikia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa mambo mawili: maelezo ya plasta bado yanataja saruji, na juu ya paa kuna “chumba cha matangi” chenye madirisha manne na choo. Nakala ya michoro iko kwangu pamoja na fomu tupu za sahihi zenye kichwa kila ukurasa. Anayezihitaji kwa jumba la mtaani kwake aje baada ya alasiri achukue.