Mtumishi wa Umma Katika Riwaya Zetu za Upelelezi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa kumweka mtumishi wa umma pembeni. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, anayefumbua fumbo ni Bwana Msa, raia mwenye kiko na akili pevu ambaye hali mshahara wa polisi. Ben Mtobwa naye alimfanya Joram Kiango kuwa mpelelezi wa kujitegemea, na Inspekta Kombora, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya dola, mara nyingi humfuata nyuma. Nazipenda riwaya hizi na nitaendelea kuzisoma, lakini naamini zimetuzoesha kuamini kwamba haki huletwa na mtu mmoja shupavu, na kwamba ofisi ya umma ni mahali pa kusubiri tu.

Elvis Musiba alichukua njia nyingine, na kwa hilo anastahili heshima. Willy Gamba ni mtumishi wa serikali, na katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 anatumwa kutafuta nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi, jambo ambalo wasomaji wa wakati ule hawakuliona kuwa la kubuni tu, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Hapa utumishi ni uzalendo, tena wa kuhatarisha maisha. Hata hivyo, Willy huua, hupiga na kusonga mbele, na hakuna hakimu anayemngoja mwishoni ili aulize ushahidi ulipatikanaje.

Swali hilo la hakimu ndilo ninalolikosa. Chukua ungamo, ambalo katika hadithi nyingi ndilo kilele: mtuhumiwa anabanwa, anasema yote, kitabu kinafungwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inampa polisi muda wa msingi wa saa nne tangu kumkamata mtu ili amhoji, na akihitaji zaidi lazima muda huo uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huwapa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakiandikwa nje ya muda bila nyongeza halali yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama, na yaliyopatikana kwa vitisho au kipigo si ushahidi wa hiari. Mpelelezi anayempiga mtuhumiwa, ambaye msomaji humshangilia, huenda ndiye aliyemwachia huru muuaji.

Vivyo hivyo kwa vielelezo. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara kwa mara kwamba lazima kuwepo kumbukumbu za nani alikikamata kitu, nani alikitunza, alimkabidhi nani na lini, kuanzia kilipokamatwa hadi kinapofikishwa mahakamani. Askari anayejaza daftari la vielelezo saa nane za usiku, akiandika kila makabidhiano bila kuruka hata moja, anafanya kazi ambayo kesi nzima inaitegemea, nami sijui kwa nini mwandishi hodari asione msisimko ndani yake. Muda wa saa nne unaoyoyoma, mtuhumiwa aliyenyamaza, mkuu wa kituo anayetaka majibu kabla ya asubuhi, na afisa kijana anayekataa kuinua mkono wake: riwaya gani inataka zaidi ya hapo?

Natamani pia waandishi wetu wamfuate mtuhumiwa baada ya kukamatwa, mahali ambapo kwa kawaida hadithi huishia. Katika kosa la mauaji hakuna dhamana, na hakimu wa mahakama ya chini hana mamlaka ya kusikiliza shauri lenyewe. Kwa hiyo mahabusu hupandishwa kizimbani, wakili wa Serikali husimama na kusema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine hupangwa, na gari la magereza humrudisha alikotoka. Ndugu zake waliokuja wamebeba chakula huondoka nacho. Jalada lake liko kwenye meza ya mtu fulani, na mtu huyo ana majalada mengine, ana mkuu wake, ana shahidi aliyehama bila kuacha anwani. Huyo ndiye mhusika ninayetaka kumsoma.