Fulana ya Njano Niliyorudi Nayo Tanga

Wiki ya pili tangu nirudi, mpwa wangu alinisaidia kufungua sanduku la mwisho. Akaibuka na fulana ya njano iliyopauka. "Mjomba, na hili tambara umelibeba la nini?" Nikamwambia viatu ningeviacha, hiyo nisingeiacha.

Ni fulana ya mashabiki wa Félix Hernández, mrushaji wa Seattle Mariners, timu ya besiboli ya Marekani. Tangu 2011, kila zamu yake ilipoangukia uwanja wa nyumbani, tulikaa kwa mamia pembeni upande wa kushoto, wote njano tupu. Tukijiita King's Court, yaani baraza la mfalme. Kila mmoja ana kadi yenye herufi K, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali aliyoshindwa kuipiga.

Kwa asiyeijua besiboli: kumbuka rede. Kwenye rede unamlenga mtu. Huku unampitishia mpira mbele yake, naye ana gongo. Silaha ya Félix ilikuwa mpira wa hadaa. Mkono unakuja kwa nguvu zote, mpigaji anachapa hewa na gongo lake, kumbe mpira bado uko njiani, tena unadidimia. Niliuona mara nyingi na kila mara ulinishangaza.

Nilifika Tukwila, jirani na Seattle, 2007, nikawa nasafisha ofisi usiku, redio mfukoni. Félix alikuwa ametoka Valencia, Venezuela, akaanza kurushia Mariners Agosti 2005 akiwa na miaka 19. Kijana wa ugenini, Kiingereza cha kujikongoja. Nilimpenda kwanza kwa hilo.

Mwaka 2010 timu ilipoteza mechi 101 kati ya 162. Félix aliandikiwa ushindi 13 na kupoteza 12, lakini wastani wa mikimbio, yaani pointi, iliyohesabiwa dhidi yake ulikuwa 2.27 tu kwa kila vipindi tisa, ambavyo ni mechi nzima, na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, akapewa yeye. Ilikuwa haki kabisa. Wenzake walikuwa hawampigii, angefanyaje?

Halafu ile Jumatano, Agosti 15, 2012, dhidi ya Tampa Bay Rays. Nilitoka zamu ya usiku nikaenda uwanjani bila kulala. Wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi benchi, hakuna aliyekanyaga kituo cha kwanza. Kumi na wawili walitoka kwa straiki. Mariners walipata mkimbio mmoja tu, ukatosha. Kufikia kipindi cha nane watu tulikuwa hatusemezani. Mpigaji wa mwisho alipotolewa, Félix aliinua mikono juu, na jirani yangu, mzee nisiyemjua hata jina, akanikumbatia akilia. Mchezo kamili wa namna hiyo haukuonekana tena ligi kuu hadi 2023.

Baba alikuwa barazani anasikiliza. Ni Coastal Union wa damu, Wagosi wa Kaya, na ubingwa wa 1988 anausimulia kama wa juzi.

"Huyo mfalme wenu alichukua kombe?"

"Hapana, baba. Hata hatua ya mtoano hakuigusa. Mariners walifika huko 2001, wakarudi 2022. Miaka yake yote 15 imeangukia katikati."

"Na hakuhama?"

"Mwaka 2013 alisaini miaka saba mingine pale pale."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamsimulia Septemba 26, 2019: bega lilikwishachoka, mkataba unaisha, akatolewa kipindi cha sita huku analia, uwanja mzima umesimama. Wapigaji 2,524 aliowatoa kwa straiki, wote akiwa klabu moja. Nilisimama na kadi yangu ya K hadi mikono ikafa ganzi.

Baba alinyoosha mkono akaomba fulana. Akaigeuza, akaishika kitambaa, akamwambia mpwa wangu, "Hii usiifue kwa brashi." Kisha akaniuliza Jumamosi nitakuwa wapi, maana Coastal wanacheza Mkwakwani.