Eksteno ikigoma kuhifadhi, usikimbilie 777

Wanaotumia Linux naomba tuongee kidogo kuhusu hizi eksteno (diski za nje za kuchomeka), maana mtu akikwama tu anaambiwa "piga chmod 777 itakubali", yaani mpe kila mtu ruhusa zote, na kweli inakubali, ila kuanzia hapo yuza yeyote kwenye ile mashine anaweza kukufutia picha za harusi ya dada yako, mimi hilo silipendi kabisa.

Anza kucheki diski imefomatiwa vipi, lsblk -f inakuonyesha. Kama ni ext4 (fomati ya kawaida ya Linux) basi ruhusa zimeandikwa humohumo kwenye diski, tena haiandiki jina la mwenye faili, inaandika namba. Ubuntu yuza wa kwanza anapewa 1000, wa pili 1001. Kuna jamaa ana studio ya picha, kwenye kompyuta ya zamani alikuwa yuza wa pili, kanunua laptop mpya yuko peke yake, kachomeka eksteno, picha anaziona zote lakini hahifadhi wala hafuti kitu. Tukapiga ls -ln inayoonyesha namba za wenye faili, 1001 1001 imejipanga mpaka chini, na yeye huku ni 1000! Dawa ni kubadili mwenye faili, sudo chown -R 1000:1000 halafu unamalizia na njia ya diski yako, kwa Ubuntu huwa ipo ndani ya /media. Folda za wateja tukazipiga chmod -R u=rwX,go= ili wengine wasichungulie, na hiyo X iwe kubwa, ndogo itageuza kila picha iwe faili la kuendeshwa kama programu.

exFAT na FAT32 ni habari nyingine, hazina hata sehemu ya kuandika mwenye faili, chown utapiga mpaka uchoke. Huko ruhusa unapanga wakati wa kumaunti (mfumo unapoiunganisha diski), kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kumaunti, unaweka uid=1000,umask=077 (mwenyewe ni 1000, wengine wasiguse) na usisahau nofail, bila hiyo siku ukiwasha mashine eksteno haipo inaweza kugoma kuwaka vizuri. NTFS ikifunguka kwa kusoma tu, mara nyingi Windows haikuzimwa kabisa, irudishe huko uizime vizuri.

Ila jueni, ruhusa zote hizi hazimzuii mwizi, akiichomeka kwenye mashine yake mwenyewe ndo bosi. Picha za wateja zifungieni kwa LUKS (inasimba diski nzima, bila nenosiri haisomeki), na kopi wekeni pengine kwanza kwa sababu kuiweka LUKS kwa mara ya kwanza kwa kawaida kunafuta diski nzima.