Siku ya [UU_U]

Saa 1:40 asubuhi. Barua pepe kutoka kwa mdadm, programu ya Linux inayosimamia diski za seva yetu ya mafaili: diski moja imekufa. Siku imeshapangwa.

Saa 2:15. Nafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya diski. Badala ya [UUUU] naona [UU_U]: kila U ni diski nzima, mstari ni iliyokosekana. Hii ni RAID 5 ya diski nne za TB 4: zinafanya kazi kama moja, na zinavumilia kifo cha moja tu. Ikifa nyingine, tumekwisha. Kabla ya kugusa kitu nahakikisha nakala rudufu ya usiku ilikamilika. Ilikamilika.

Saa 3:30. Hapa ndipo watu huumia. Linux inaiita diski mbovu sdc, lakini kwenye seva hakuna palipoandikwa sdc, na kuhesabu "ya tatu kutoka kushoto" ni kamari. Kwa smartctl, programu ya kukagua diski, nasoma namba za utambulisho (serial) za zile tatu nzima na kuziandika kwenye karatasi; diski ambayo namba ya lebo yake haimo hapo ndiyo maiti. Nasoma lebo mara tatu, naiondoa kwa mdadm --remove, ndipo naichomoa. Mikono inatetemeka, sifichi.

Saa 4:30. Diski mpya imeingia, patisheni (migawanyo ya diski) zimenakiliwa, mdadm --add. Ujenzi upya wa data kwenye diski hiyo unaanza: KB 12,000 kwa sekunde, zimebaki dakika 5,400 na ushei. Karibu siku nne! Diski haina kosa. Kerneli, kiini cha Linux, inawapisha watumiaji. Kazi zikibanana, ujenzi unabakiziwa kiwango cha chini tu, ambacho kwa kawaida ni KB 1,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo TB 4 zingechukua siku 45.

Saa 5:00. Naandika 100000 kwenye speed_limit_min, mpangilio wa hicho kiwango cha chini. Kasi inapanda, simu nazo zinalia: mafaili hayafunguki. Nashusha hadi 50000. Watumiaji wanung'unike kidogo, mimi niogope kidogo. Napandisha pia stripe_cache_size, akiba ya RAM ya kazi za RAID, kutoka 256 hadi 8192. Kwa diski nne inakula MB 128 za RAM, na seva hii inazo za kutosha.

Saa 11:00 jioni. Asilimia 28. Ofisi tupu, naweka 150000.

Saa 2:00 usiku. Asilimia 67. Kasi imeshuka hadi MB 120 kwa sekunde na hakuna aliyegusa kitu. Ndivyo zilivyo diski za sahani: zinaanza kwenye mizingo ya nje, mirefu, zikielekea ndani kila mzunguko unabeba data pungufu.

Saa 5:30 usiku. [UUUU]. Narudisha 1000 kwenye speed_limit_min kabla sijalala. Nikisahau, ukaguzi wa diski wa kila mwezi utawakaba watu na simu zitalia upya.